Dozi ya Siku Saba

Maganga alikuwa na sauti ndogo, ila mluzi wake ulitosha kijiji kizima. Ukiwa shambani unapalilia pamba, ukausikia ukipita upande wa mbuga, ulijua kesho ni mnada na ng'ombe wameanza safari ya Mhunze. Akina mama walioanika dengu njiani walikuwa wanainuka kuzikusanya kabla hata vumbi halijaonekana.

Kazi yake ilikuwa kuswaga. Mfanyabiashara ananunua ng'ombe watano huku, wanane kule, na hana miguu ya kuwafikisha mnadani, ambako malori ya Geita yanawasubiri kwa ajili ya wachimbaji wasiojua kula ugali bila nyama. Basi anamwita mswagaji. Waswagaji wengi hutumia fimbo na matusi, na ng'ombe wao hufika wamechanika migongo. Maganga alibeba fimbo kwa sababu mwanamume anayetembea nyuma ya ng'ombe mikono mitupu huonekana amepotea, lakini fimbo yenyewe ilikaa begani toka kijijini mpaka mnadani. Kazi aliifanya kwa miluzi mitatu. Ule mrefu ulioshuka mwishoni maana yake twende. Mifupi miwili iliyokatwa ghafla maana yake simama. Wa tatu ulikuwa laini, wa maji, na ng'ombe wakiusikia walisimamisha masikio hata kama lambo liko mbali. Ndama wa vijiji vile waliuzoea kabla hawajaota pembe, kwa sababu ulipita karibu na mazizi yao kila wiki.

Mluzi huo aliupiga kwa meno. Wapo wanaotia vidole viwili mdomoni, wapo wanaobinua midomo tu. Yeye alivuta mdomo wa chini nyuma, akaubana kwenye meno ya mbele ya juu, na upepo ukapita hapo. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba habari hii ni ya ufizi, asidhani msimuliaji amekosa cha kusimulia. Ufizi ndio ulioshika meno, meno ndiyo yaliyoshika mluzi, na mluzi ndio uliomlisha Maganga na mkewe Vumilia, ukamsomesha binti yao Nelly mpaka akaolewa Chato.

Meno yenyewe hayakuwa meupe. Maji ya visima vya Kishapu huwatia watoto rangi ya kahawia kwenye meno tangu yanapoota, na mtu wa Kishapu akicheka stendi ya Geita, mwenzake wa Kishapu anamtambua kabla hajataja kwao. Hakuna aliyeona aibu. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kwamba lolote lililotokea mdomoni watu waliyasingizia maji. Jino likiuma ni maji, mdomo ukinuka ni maji, na fizi zikitoka damu, basi maji ya mwaka huu yamezidi.

Fizi za Maganga zilianza kutoka damu akiwa na miaka arobaini na sita. Alikuwa na kawaida ya kukata kijiti cha mswaki porini na kukitafuna huku anatembea nyuma ya ng'ombe. Siku moja akatema, mate yakawa mekundu. Kesho yake vilevile. Akafanya jambo ambalo mtu mwenye akili zake angefanya kwa kidonda chochote, akaacha kukisugua ili kipone.

Hakikupona. Baada ya miezi kadhaa damu ilitoka hata akitafuna hindi la kuchoma, na fizi zikavimba zikawa nyekundu za kung'aa. Mdomo nao ukaanza kutoa harufu. Maganga aliona kwamba mkewe Vumilia siku hizi akitaka kuongea naye uani huzunguka kwanza, akasimama upande upepo unakotoka. Hilo lilimuuma kuliko fizi.

Akaenda kwa bibi mmoja wa kijiji cha pili anayetoa wadudu wa meno. Bibi alimfukiza moshi wa mbegu kupitia mrija, kisha akamwonyesha wadudu waliodondoka kwenye beseni la maji. Maganga amewatoa ng'ombe funza kwa miaka mingi. Aliwainamia wadudu wale akaona wanafanana mno na vijimbegu vilivyobaki kwenye kiganja cha bibi. Hakuna aliyemburuta kwenda pale, basi akashukuru, akarudi kwake na damu yake.

Ndipo siku moja ya mnada akakuta watu wa meno wamefunga hema pembeni ya zizi la minada. Alikwisha kuwakabidhi ng'ombe wa Mwigulu, mfanyabiashara aliyemtumia zaidi ya wengine, na hakuwa na haraka. Akapanga foleni. Zamu yake ilipofika alikuta binti mmoja mwenye koti jeupe na macho yaliyochoka, aliyeitwa Hosiana, tabibu wa meno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Maji ya huku yamenimaliza."

Hosiana alimlaza kwenye kiti, akamulika mdomoni kwa tochi, akaangalia kwa muda mrefu.

"Rangi ndiyo ya maji, mzee. Damu si ya maji," akasema. "Huu ni ugonjwa wa fizi. Kila siku meno yanashika utando. Usipousugua unaganda, unakuwa ukoga mgumu, unaingia chini ya ufizi. Ufizi unavimba, unatoa damu, unaanza kuachana na jino. Ukiendelea kuuacha, ugonjwa unakula mpaka mfupa ulioshika jino. Wewe ulipoona damu ulifanyaje?"

"Niliacha kusugua."

"Watu wengi wanaacha. Ukiacha ndipo ukoga unapata nafasi."

Akachukua chuma chembamba akaanza kukwangua. Ilisikika kama mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria. Vipande vya ukoga vilitoka vimeganda na vyeusi, damu ikajaa kikombe, na Maganga akavumilia kimya kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watoto wa shule kwenye foleni wanamtazama. Alipomaliza, Hosiana alimpa mswaki mpya na bomba la dawa.

"Chukua mswaki huu na dawa hii ya meno. Tumia asubuhi na jioni. Sugua taratibu hapa, jino linapokutana na ufizi. Baada ya miezi mitatu uje hospitali ya wilaya nikuangalie tena."

"Wabeja sana, dokta," Maganga akasema, na kweli alimshukuru kwa moyo wote.

Hosiana alisema maneno sahihi. Lakini tuyasikie kwa masikio ya Maganga. Amepewa dawa, na dawa hiyo ni ya asubuhi na jioni. Katika maisha yake yote, kwa watu na kwa ng'ombe, dawa ni ya mgonjwa, ina dozi, na dozi ina mwisho. Bwana mifugo alimkaripia mara nyingi kwamba dozi asiikatishe na asiizidishe. Mwaka mmoja alipochomwa mguu na mwiba ukatunga usaha, alipewa vidonge vya asubuhi na jioni kwa siku saba. Hapa tabibu hakutaja siku, basi Maganga akachukua zilezile za kawaida.

Na aliitumia kwa uaminifu ambao wengi wetu hatuna. Asubuhi kabla ya chai alikaa kwenye kigogo nje ya nyumba akasugua taratibu, jino linapokutana na ufizi, kama alivyoelekezwa. Jioni vilevile. Siku ya tano damu ikakoma. Mtu mzembe angeacha hapo, lakini yeye alimaliza saba zake. Vumilia alimsifu, na siku ya nane alikuja kuongea naye uani bila kuzunguka. Maganga akasuuza mswaki, akaukausha juani, akaufunga pamoja na bomba ndani ya mfuko wa nailoni, akauweka kwenye kopo la dawa juu ya kabati, kati ya mseto wa malaria uliobaki na dawa ya minyoo ya ng'ombe. Bomba lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu. Likae, alimwambia Vumilia, siku ugonjwa ukirudi tusihangaike.

Miezi mitatu ilipofika hakwenda hospitali. Aende kufanya nini, na haumwi?

Inakera kulifikiria. Aliyekiita kitu kile dawa ya meno hakumfikiria Maganga hata kidogo. Sabuni haiitwi dawa ya ngozi. Ingeitwa hivyo, nusu ya nchi ingekuwa inaoga ikiota upele tu, na ukipona wanaifunga kwenye nailoni. Lakini neno limeshakaa hivyo, kila mtu analitamka bila kulisikia, na tabibu aliyesomea miaka mitatu alilitamka vilevile, na mzee wa watu akalitii.

Ugonjwa ulirudi. Maganga akashusha kopo, akapiga dozi nyingine ya siku saba, damu ikakata. Ukarudi tena, akapiga nyingine, na bomba likiisha alinunua jingine. Mwaka wa pili ulikuwa unarudi baada ya miezi miwili, wa tatu kila mwezi, naye akajisemea kwamba ugonjwa umeizoea dawa, kama kupe wanavyozoea dawa ya josho. Wakati huo alikuwa amejifunza kubana ugoro ndani ya mdomo wa chini ili kutuliza fizi, na damu ikapungua kweli. Akafurahi. Hakuna aliyemwambia kwamba tumbaku huinyima fizi damu na kuificha dalili, huku chini kazi inaendelea.

Wa kwanza kujua alikuwa mluzi. Siku moja alipiga ule mrefu, na mwishoni, pale unaposhuka, ukaingiwa na kijisauti cha upepo. Ng'ombe walikwenda, lakini wawili waligeuza vichwa kumwangalia. Alitia kidole mdomoni. Meno mawili ya mbele ya juu, ambayo tangu ujana yalikuwa yamebanana, sasa yalikuwa na mwanya, na alipoyasukuma kwa ncha ya kidole, yalicheza.

Aliogopa. Maganga anajua meno; mnadani wanunuzi hawamuulizi ng'ombe umri, wanamfumbua mdomo. Amewahi kuona mara nyingi jike zuri, maziwa tele, likikataliwa kwa neno moja tu, huyu meno yamelegea, na tangu hapo hakuna anayeangalia kiwele. Alifunga mdomo wake akaendelea kuswaga. Hakumwambia mtu, hata Vumilia.

Jino la kwanza lilitoka kwenye matobolwa. Ulikuwa mchana, amekaa na mkewe wanatafuna vile viazi vilivyokaushwa ambavyo havitaki haraka, na alipouma akahisi kitu kimebaki ndani ya kiazi. Hakukuwa na maumivu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Akakitoa akakiweka kiganjani. Jino halikuwa limeoza wala kutoboka. Lilikuwa zima, refu kuliko alivyofikiri, na mzizi wake ulikuwa umezungukwa na gamba jeusi karibu mpaka chini.

"Mbona zima?" Vumilia akauliza.

Maganga akalifunga jino kwenye kitambaa. Kesho yake akapanda bodaboda kwenda hospitali ya wilaya.

Hosiana alikuwa bado yupo, sasa mtu mzima kidogo, na alimkumbuka. Alimfumbua mdomo, akagusa meno moja moja, na kila alipogusa alimtajia muuguzi neno ambalo Maganga hakulielewa, ila sauti yake ilikuwa inazidi kushuka. Wakampima na sukari, kwa kuwa mwenye kisukari fizi zake huharibika upesi. Hakuwa nayo.

"Mzee," Hosiana akasema, "nilikuambia utumie dawa ya meno asubuhi na jioni."

"Nilitumia."

"Mpaka lini?"

"Nilimaliza dozi. Siku saba. Na kila iliporudi nilimaliza nyingine. Sijawahi kukatisha hata mara moja."

Hosiana aliweka chuma chake kwenye sinia. Muuguzi aliyekuwa anaandika akainua kichwa.

"Nani alikuambia siku saba?"

"Hukunitajia siku, mwanangu. Nikatumia za kawaida."

Kwenye benchi nje mtoto alikuwa analia.

"Ilikuwa ya kila siku," Hosiana akasema taratibu. "Siku zote za maisha yako. Si ya kuponya, ni ya kusafisha. Ukoga unaanza upya kila siku, ndiyo maana na wewe unaanza upya kila siku. Hata bila dawa, mswaki peke yake ungesaidia, ilimradi usiache. Na kila baada ya miezi kadhaa mtu akukwangue ule uliojificha. Hata kijiti chako kile cha zamani kingetosha, ungekitumia vizuri."

"Hata kama siumwi?"

"Hasa kama huumwi."

"Basi kwa nini mnaiita dawa?"

Aliuliza bila ukali, alitaka tu kujua. Machozi yakamlengalenga Hosiana ingawa alijitahidi kugeukia kabati la vifaa. "Nilikuwa na watu mia na kitu pale kwenye hema," akasema akiwa amempa mgongo. "Nilisema hivyo kwa wote."

Siku hiyo alimng'oa jino la pili, lililokuwa na usaha na likining'inia tu. Akamkwangua yaliyobaki. Akamwambia aachane na ugoro. Mawili yaliyosalia mbele alisema watajitahidi kuyatunza, lakini asimfiche, mfupa ulioliwa haurudi. Maganga alisikiliza yote kwa adabu, kisha akauliza lile lililomleta.

"Na mluzi?"

"Mluzi gani, mzee?"

Akajaribu kueleza. Alisema ng'ombe, akasema barabara, akaonyesha kwa kidole mdomo wa chini unavyobanwa juu, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojiona anakuwa mtu wa kuchekesha, mzee mzima anamlilia daktari mluzi. Hosiana hakucheka. Alimwambia kuna meno ya bandia, yanatengenezwa mjini Shinyanga, kidonda kikishapona vizuri. Yatamsaidia kula na kuongea. Ya kupigia mluzi hakuwahi kusikia.

Wiki tatu baadaye Mwigulu alimpa ng'ombe thelathini na mmoja. Maganga angeweza kukataa, na mtu mwingine angekataa. Lakini alikuwa amefanya mazoezi nyuma ya zizi, akiziba pengo kwa ulimi, na siku nyingine mluzi ulitoka, mwembamba lakini mluzi. Akajiaminisha. Njiani ng'ombe walikwenda kwa utulivu, kwa kuwa njia ilikuwa moja iliyonyooka, naye akaanza kuamini kwamba mambo bado yapo.

Njia ile inakatiza lami mahali pamoja. Miaka yote aliwasimamisha hapo kwa ile mifupi miwili, akatangulia peke yake, akaangalia kulia na kushoto, akawaita. Safari hii aliona lori likija kwa mbali, akabana mdomo, akapuliza. Ulitoka upepo mtupu. Akapuliza tena, upepo. Akapiga kelele, na sauti yake ndogo haikufika hata kwa ng'ombe wa mwisho. Wale wa mbele waliendelea kutembea kwa utulivu, hawana wasiwasi, kwa maana tangu wakiwa ndama waliujua mluzi wa kusimama, na leo mluzi haukuwaambia kitu. Maganga alikimbia. Fimbo ikamdondoka. Lori lilifunga breki, likaburuza matairi, likamgonga mtamba mmoja mweupe nyuma, akakaa chini barabarani mguu umekatika, anaangalia huku na huku.

Wengine walipona. Walimchinja mtamba palepale kando ya lami, na Maganga ndiye aliyemshika kichwa.

Mwigulu alifika kwa pikipiki. Maganga alikuwa amejiandaa kutukanwa, na angependelea hivyo. Mwigulu aliangalia damu kwenye nyasi, akaangalia mdomo wa mzee.

"Mzee Maganga," akasema, "nikiwa mtoto, nikisikia mluzi wako nilikuwa naacha kula nikimbilie njiani. Leo nilikuwa pale kilimani, sikuusikia." Kisha akamwinulia fimbo yake kutoka chini, akampa. "Nenda nyumbani ukapumzike."

Hapo kazi ikawa imekwisha. Hakuna aliyemfukuza, ila hakuna aliyemwita tena. Alinunua filimbi ya marefa, ile ya plastiki yenye kokwa ndani, akaijaribu kwa ng'ombe wake sita wa nyumbani. Wakatawanyika mpaka kwenye pamba ya jirani na ilimchukua asubuhi nzima kuwarudisha. Akaitupa. Jino la tatu likatoka masika yalipoanza, la nne halikukawia. Wakati huo alikuwa anasugua kila siku, asubuhi na jioni, bila kuhesabu, na alikuwa ameacha ugoro. Fizi zake ziliacha kuvimba, zikawa ngumu na za rangi nzuri. Hosiana alipomwona tena alizisifu. Fizi nzuri kabisa, na mbele hazikuwa na cha kushika.

Ni jambo gumu kumwangalia mtu ambaye amejua dawa yake siku moja baada ya kuihitaji. Maganga hakulalamika. Alikaa kwenye kile kigogo nje ya nyumba, siku za mnada akageukia upande mwingine, asione vumbi. Nelly alipopiga simu kutoka Chato na kuuliza hali, alimpa mama yake simu, kwa kuwa maneno yake sasa yalitoka na upepo na hakutaka binti ayasikie.

Jioni moja jua bado lipo, ng'ombe wake wakiwa wanarudi wenyewe kutoka malishoni, dume likaona choroko za jirani zimechanua, likaacha njia. Wengine wakalifuata. Maganga alisimama akaita. Akaita tena. Hawakugeuka. Alianza kukimbia kwa magoti yake ya uzee, anajua kabisa kwamba hatawahi, na kwamba kesho atakwenda kuomba radhi kwa choroko kama alivyoomba kwa pamba.

Ndipo ukasikika mluzi.

Ilikuwa ile mifupi miwili, iliyokatwa ghafla. Dume likasimama, mguu mmoja juu. Kisha ukafuata ule laini, wa maji, wenyewe kabisa, na ng'ombe wote sita wakageuka, wakatoka kwenye choroko, wakaja. Walimjia Maganga, wakampita kulia na kushoto, mmoja akamgusa begani kwa pembe bila kumjali, wakaenda zizini. Alibaki amesimama kwenye vumbi lao. Kwa sekunde moja alidhani ni yeye aliyepiga.

Vumilia alikuwa mlangoni, ungo mkononi, mkono mwingine umeziba mdomo. Akiwa msichana bibi yake alimchapa kwa ajili ya mluzi, kwa kuwa mwanamke hapigi mluzi, na hakupiga tena mpaka siku hiyo.

"Umejifunza lini, Mama Nelly?"

"Miaka ishirini na nane nakusikia," Vumilia akasema. "Kujifunza ni nini? Mluzi wako umekaa tu humu kichwani mwangu, Baba Nelly. Usinikasirikie."

Hakumkasirikia. Alitaka kulia na alitaka kucheka, ng'ombe wameokoka, choroko zimeokoka, na mluzi upo, haukufa, umehama tu na hautarudi kwake. Akacheka. Vumilia alipoona anacheka, akaondoa mkono mdomoni akacheka naye, na Maganga akaona.

Kati ya meno yake ya mbele, pale jino linapokutana na ufizi, kulikuwa na mstari mwembamba wa damu.

"Hiyo tangu lini?"

"Ipi?" Vumilia akapitisha ulimi, akapangusa kwa kanga. "Aa, hii. Maji ya mwaka huu. Tangu masika, ila haiumi. Nikiona imezidi naacha kusugua."

Maganga aliingia ndani. Alishusha mfuko wa nailoni ambao Hosiana alimfungia safari iliyopita, ndani yake kulikuwa na bomba na mswaki mpya ambao haujaguswa na mtu. Akaufungua. Akachota maji kwenye kikombe, akatoka, akamwekea mkewe vyote mikononi, na kumkalisha kwenye kigogo chake mwenyewe.

"Sugua. Taratibu, hapa na hapa. Damu ikitoka usiache. Asubuhi na jioni. Kesho kutwa tunakwenda kwa yule binti akukwangue."

Vumilia aliugeuza mswaki, akaliangalia bomba. Alikuwa mwanamke makini, aliyelea mtoto na kuuguza wakwe, na hakuna dawa aliyowahi kuipokea nyumbani kwake bila kuiuliza vizuri.

"Kwa siku ngapi?" akauliza.

Maganga alichuchumaa mbele yake. Meno ya mkewe yale, yote yapo, ya kahawia, yamebanana, alitamani kuyashika kwa mikono yake yasiende popote.

"Usihesabu," akasema. Na ile sauti ya "s", ikipita kwenye pengo, ikatoka na upepo mwingi, karibu iwe mluzi. Kule zizini dume likainua masikio, likasubiri kidogo, likaendelea kucheua.